Sekunde Sita

Niliiandika jikoni, Viljandi, mwezi wa pili,
ziwa limeganda, dirisha lina barafu upande wa nje
na mvuke wa birika upande wa ndani.

Programu ndogo tu. Paka wa kijivu, sanduku jekundu,
na sauti ya dada yangu Virve, mwalimu,
niliyoirekodi amejifunika blanketi gubigubi
ili jokofu lisisikike:
Paka yuko wapi?
Kisha majibu manne, na fremu ya manjano
inayohama jibu hadi jibu
kama mdai anayepita nyumba kwa nyumba:
juu ya, chini ya, ndani ya, nyuma ya,
halafu juu ya, tena.
Likifika lako, bonyeza.
Swichi ni moja, pana kama kisahani cha chai,
ya kiganja, ya goti, ya kisigino,
ya chochote ambacho mwili umekuachia ukiamrishe.

Ya Eerik iko kando ya shavu la kushoto.
Ana miaka sita. Hasemi.
Akicheka, hucheka na kiti chake chote.

Wiki ya tatu Virve akanipigia simu: anakosea.
Paka yuko juu ya sanduku, yeye anachagua chini.
Paka chini, yeye ndani.
Paka ndani, yeye nyuma.
Na paka akiwa nyuma, unaona mkia tu,
yeye anasema juu.
Kila mara mashine inatoa ule mlio wa kukosa
nilioutafuta jioni nzima, nikidhani ni wa upole.
Ishirini kwa sifuri.
Mama mmoja wa ofisi ya elimu ameshaandika kwenye faili:
dhana ya mahali, bado.

Nikaenda.
Nikakaa sakafuni, nyuma ya kompyuta, mbele ya Eerik,
nikaiacha skrini, nikatazama uso.

Fremu ikafika juu. Macho yakawaka.
Hapo shingo ikaanza safari.
Bega likagoma, likabembelezwa.
Taya likakaza. Kichwa kikaenda kulia kwanza,
kama mtu anayerudi nyuma apate mbio za kuruka mfereji,
kisha kikaja kushoto, kikakwama,
kikaja
tena,
kikagusa.

Fremu ilikuwa imeshahamia chini.

Waliosema kawia ufike hawakuandika programu ile.
Niliiandika mimi, nikampa sekunde mbili
kwa kuwa mimi ningehitaji moja.
Alijua tangu siku ya kwanza.
Mara ishirini alimwona paka mahali alipo,
mara ishirini nikamnyang'anya jibu mlangoni
nikambandika la jirani.

Virve hakusema neno. Afadhali angesema.
Nilikuwa na maneno yote ya mahali
na sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Marekebisho yenyewe ni tarakimu moja:
nilifuta mbili, nikaandika sita.
Na ule mlio nikautupa.

Alipopata kumi mfululizo tukamwacha paka apumzike.
Virve akapiga picha ya meza ya darasani, akaiingiza,
akarekodi swali jipya pale pale, watoto wanapiga kelele:
Mwalimu akae wapi?

Juu ya. Eerik akaiacha ipite.
Chini ya. Shingo ikaanza safari.
Tukahesabu kimoyomoyo, tatu, nne,
tano, shavu likagusa.

Virve ana miaka hamsini na minne
na magoti yanayolia kama bawaba za banda.
Akavua miwani. Akaingia chini ya meza,
kati ya buti zilizolowa na kipande cha chapati ya viazi cha juzi,
na Eerik akacheka hadi breki za kiti zikaachia.

Fremu ikaendelea kuzunguka. Ndani ya. Nyuma ya. Juu ya.
«Amechagua nini sasa?» dada akauliza kutoka huko.
Nikamtazama Eerik. Taya limekaza,
kichwa kinaelekea kulia.
«Subiri,» nikamwambia. «Yuko njiani.»